Wekundu Usioidhinishwa

Katika nchi yetu maji ya mikutanoni hayanywewi. Yanawekwa. Kila mjumbe hukuta chupa moja mbele yake, imepangwa mstari mmoja na ya jirani yake, na hapo hubaki mpaka kikao kifungwe, kwa kuwa si adabu kufungua chupa kabla mgeni rasmi hajafungua yake. Mgeni rasmi naye hafungui. Akinywa atabanwa, akibanwa atatoka, na mgeni rasmi akitoka kikao huhesabika kimefungwa. Kwa hiyo chupa hurudishwa stoo salama, na kila mwaka hubandikwa karatasi mpya. Nimewahi kukaa mbele ya chupa iliyonizidi umri.

Ipo desturi ya pili, haijaandikwa popote lakini inafuatwa kuliko zilizoandikwa: hakuna anayetoka kwenda haja wakati Mheshimiwa anazungumza. Bingwa wa nchi nzima katika jambo hili alikuwa bosi wangu, Mzee Kibindu, Mkurugenzi wa Idara ya Kinga na Lishe. Katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi hakuwahi kutoka kikaoni hata mara moja. Vijana wapya wa itifaki walikuwa wanaletwa ofisini kwake wamwone.

Nayataja haya mapema ili msomaji wa nchi nyingine, ambako mambo kama haya hayapo, asipate taabu huko mbele.

*

Niliajiriwa katika idara yake nikiwa na shahada mpya na nguo mbili za ofisini. Siku ya kwanza nilimwambia Mzee kwamba nimekuja kuokoa maisha ya watu. Hakucheka. Alizima sigara kwenye kisahani cha chai, akaniuliza kama nimekula. Kisha akanipa kazi. Wagonjwa wa saratani ya njia ya mkojo walikuwa wanaongezeka, na Wizara ilitaka mwongozo wa wananchi kuhusu chakula na ugonjwa huo. Niuandike, alisema, kwa namna ambayo marehemu mama yake angeelewa bila kuita mtu.

Nilitumia mwezi mzima nikaandika kurasa tisa. Niliandika kwamba sigara ndiyo adui wa kwanza wa kibofu, kwa sababu sumu yake huchujwa na figo ikakaa humo pamoja na mkojo. Kwamba maji ya visima vingine yana madini yenye sumu na yapimwe. Kwamba soseji na nyama za makopo zisiwe chakula cha kila siku, ingawa wataalamu bado wanabishana zinachangia kwa kiasi gani. Kwamba watu wanywe maji safi ya kutosha, wale mboga na matunda ya kila aina, wala wasiifanye mboga yoyote kuwa dawa. Na katika ukurasa wa sita, ambao niliupenda kuliko zote, niliandika: "Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, nenda hospitali. Usisubiri irudi."

Mzee Kibindu alisoma kurasa zote tisa, jambo ambalo Bi Sikudhani wa masijala aliniambia halijatokea tangu enzi za taipureta.

"Umeandika vizuri, binti," alisema. "Sasa peleka kwa wadau."

Wadau walikuwa kumi na wanne, na wote walikuwa waungwana sana. Mtu wa Bodi ya Tumbaku alieleza kwa upole kwamba bodi yake ndiyo inayonunua jezi za timu ya taifa, na timu haiwezi kucheza kifua wazi, sigara ikaondolewa. Visima viliondolewa kwa kuwa kila kisima kilikatiwa utepe na kiongozi, na kupima kisima ni kumpima kiongozi. Wizara ya Mifugo ilisema soseji ni dalili ya uchumi unaokua. Wizara ya Maji iliogopa kwamba mwananchi akiambiwa anywe maji safi, ataanza kuuliza yako wapi. Ukurasa wa sita uliondoka wote bila mjadala, kwa sababu Kamati ya Maadili iligundua kwamba neno "mkojo" haliwezi kuchapwa chini ya nembo ya taifa.

Zikabaki mboga. Chama cha wakulima wa kabichi na chama cha wakulima wa mchicha waligombea nani atajwe kwanza, wakafikia kushikana mashati, na zote mbili zikafutwa kwa ajili ya umoja wa kitaifa. Bitiruti peke yake haikuwa na mwakilishi. Hakukuwa na wa kuitetea wala wa kuipinga. Mwisho kabisa Hazina waliomba neno "kula" liondolewe, kwani wananchi wangeweza kulichukua kama ahadi.

Hivyo mwongozo uliotoka kiwandani, kwenye karatasi inayong'aa, na picha ya Waziri imeshika theluthi mbili, ulisomeka hivi: "Wananchi wanashauriwa bitiruti."

Niliuangalia muda mrefu. Halafu nikajipa moyo kwamba bitiruti, hata hivyo, ni mboga.

*

Uzinduzi ulifanywa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Daktari Mwakasiru, ambaye alisema kwamba taifa limetoka katika enzi ya majani na sasa linaingia enzi ya mzizi. Alikula bitiruti tatu mbele ya kamera. Asubuhi iliyofuata aliita waandishi wa habari, akawatangazia kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia muujiza kwamba amejitazama yeye binafsi, faraghani, na amekuta wekundu. Ushauri ulikuwa umefanya kazi ndani ya saa kumi na mbili.

Ukweli ni kwamba wako watu wachache ambao wakila bitiruti mkojo wao huwa mwekundu, na wengi ambao hauwi. Ni maumbile tu, hayaponyi wala hayadhuru. Niliandika dokezo la nusu ukurasa kueleza hivyo. Lilirudi siku ya tatu likiwa na maandishi ya wino wa kijani: "Asante kwa taarifa. Wasiogeuka waandikwe majina."

Ndipo ukatoka Waraka Namba 14. Kila mtumishi wa umma atakula bitiruti mchana, na kila mwisho wa mwezi atapita kwenye Ukaguzi wa Wekundu na kikopo chake mkononi. Kiwanda cha Serikali kilichapa chati ya rangi yenye ngazi tano. Juu kabisa, rangi ya damu, paliandikwa "Mzalendo Kamili." Kisha "Mzalendo," kisha "Anaendelea Vizuri," kisha "Ajitahidi." Chini kabisa, manjano hafifu, rangi ambayo chuoni tulifundishwa kwamba ndiyo ya mtu mwenye afya, paliandikwa "Anatiliwa Shaka."

Hospitali nazo zilipata maelekezo. Kwa kuwa wekundu sasa ni mafanikio, yeyote atakayekuja kuulalamikia apongezwe, kadi yake igongwe muhuri wa HONGERA, na arudishwe kazini.

*

Mzee Kibindu alikuwa haili bitiruti. Alisema ni udongo uliotiwa sukari. Mchana kantini alikuwa anasubiri msimamizi ageuke, kisha anasukuma sahani yake mpaka kwangu, ameifunika na faili.

"Kula, binti. Wewe bado unakua."

"Nina miaka ishirini na minne, Mzee."

"Ndiyo hiyo ninayosema."

Basi nikawa nakula mbili, yangu na yake, kila siku ya kazi. Sikuona ubaya. Yeye alikuwa ananiletea machungwa kutoka nyumbani kwake, yamemenywa tayari, kwenye mfuko wa karatasi.

Siku ya ukaguzi tulipanga foleni kwenye korido ya Wizara. Wenzangu walikuwa wamejiandaa. Rozela, yale maua mekundu ya juisi, yalikuwa yameadimika sokoni wiki nzima, na kikopo cha bwana mmoja wa Mipango kilinukia tangawizi na iliki kiasi kwamba mkaguzi alimuuliza kama kina barafu. Akapewa "Mzalendo" papo hapo.

Mimi, mla sahani mbili, nilikuwa manjano. Mkaguzi aliinua kikopo changu juu ya taa, akakilinganisha na chati, akanitazama kama mtu aliyemfumania ndugu yake anaiba. Nikaandikiwa barua ya onyo.

Nyuma yangu alikuwa Mzee Kibindu. Aliweka kikopo chake mezani bila kukiangalia. Kilikuwa chekundu. Si chekundu cha rozela wala cha bitiruti. Kilikuwa na kahawia kwa chini, na kitu kama uzi kimetulia humo ndani. Mkaguzi alisimama wima. Alisema tangu kazi hii ianze hajawahi kuona rangi inayoivuka chati. Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimemfikia Waziri, na kabla ya saa tisa ilitangazwa kwamba Mzee Kibindu atavishwa Nishani ya Mzizi, Daraja la Kwanza, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao.

Watu walimpigia makofi korido nzima. Mimi nilikuwa nimeshika barua yangu ya onyo, na tumboni nina bitiruti zake za mwezi mzima.

*

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Shikamoo Mzee. Bitiruti zako nazila mimi."

"Marahaba. Punguza sauti."

"Sasa ule wekundu umetoka wapi?"

Alipanga kalamu zake. Alizipanga tena. Akasema ulianza kabla ya Waraka. Ulikuja siku mbili, ukaondoka, akajua umekwisha. Halafu ukarudi, wala haumuumi, na siku ya ukaguzi alipouona alijisemea kwamba angalau safari hii umekuja wakati unatakiwa.

"Mzee, niliandika kwenye ukurasa wa sita."

"Ukurasa wa sita uliondolewa."

"Uliusoma kabla haujaondolewa."

Alivuta droo akanionyesha kadi yake ya hospitali. Ilikuwa na mihuri miwili ya HONGERA, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amekwenda mara mbili, na mara zote mbili karani wa dirishani alimpa mkono. Kuvuka lile dirisha, alisema, kuna njia moja tu: aseme kwamba haili bitiruti. Na Mkurugenzi wa Lishe ambaye hauli mwongozo wa idara yake, atafutwa jina kwenye nishani, na pengine kwenye mlango.

"Mama Chausiku ameshashona nguo ya siku hiyo," alisema. Huyo ni mkewe. "Miaka thelathini na mmoja, binti. Jina langu halijawahi kuitwa mbele ya watu isipokuwa kwenye orodha ya mahudhurio."

"Mimi nitakuja kwenye sherehe yako, Mzee. Lakini sitaki baada ya miezi nije tena nyumbani kwako nikute..."

"Malizia sentensi. Nilikufundisha kumalizia sentensi."

"Sitaki, Mzee."

Aliwasha sigara, akaiangalia, akaizima bila kuivuta. Nikatoka.

Bi Sikudhani alinikuta nalia nyuma ya rafu za masijala. Ni mama mnene, mpole, mwenye funguo nyingi kuliko milango. Nilimweleza yote, maana nilikuwa sina mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa na karatasi moja yenye vumbi. Ulikuwa ni ukurasa wangu wa sita.

"Nilidhani uliharibiwa," nikasema.

"Masijala haitupi kitu, mwanangu," alisema. "Inapoteza tu."

Jioni ile, Mzee alipokwenda kuaga, niliuweka ukurasa juu ya meza yake, chini ya mfuko wa machungwa. Asubuhi machungwa yalikuwepo. Ukurasa haukuwepo. Wiki nne zilipita, hakunitajia neno, na sahani yake iliendelea kuja kwangu chini ya faili. Nilikuwa nikimwona anashika ukuta kidogo anapopanda ngazi. Mwisho wa mwezi hakuitwa ukaguzini, kwani washindi wa nishani walikuwa wamesamehewa kukaguliwa.

*

Ukumbi wa Jumamosi ile ulipambwa kwa vitambaa vyekundu. Chupa za maji zilikuwa mstari mmoja, kama askari. Mheshimiwa Waziri alizungumza kwa saa mbili na robo. Alisema historia ya binadamu imegawanyika mara mbili, kabla ya Waraka na baada ya Waraka. Alisema wako watu ambao hata damu yao ni ya serikali, akamtazama Mzee Kibindu, na sisi tukapiga makofi. Mama Chausiku alikuwa safu ya mbele na nguo yake mpya, mikono imekunjwa mapajani, anang'aa.

Mshereheshaji akamwita Mzee kwa majina yake yote matatu, akamwomba awaambie vijana siri ya wekundu wake.

Mzee alipanda jukwaani taratibu. Alivaa miwani. Nilidhani anatoa hotuba mfukoni, ile ya kushukuru uongozi. Akafungua karatasi yenye vumbi kwenye mikunjo, akasoma, kwenye kipaza sauti, chini ya nembo ya taifa:

"Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, nenda hospitali. Usisubiri irudi."

Mjumbe wa Kamati ya Maadili aliziba masikio. Alikuwa amechelewa, lakini aliziba.

"Hii imeandikwa na yule binti pale," Mzee akasema. "Mimi sijala bitiruti hata kipande. Za kwangu anakula yeye, sahani mbili kila siku, na ndiye mliyempa barua ya onyo. Wekundu mnaonivikia nishani ni damu. Naogopa. Nimesubiri miezi mitano kwa sababu nilipenda kuitwa jina langu." Akakunja karatasi. "Nisamehe, Mama Chausiku. Nguo imekupendeza."

Mama Chausiku alikuwa ameinuka, si kwa hasira; alikuwa anatafuta njia ya kwenda jukwaani katikati ya viti. Na kutoka safu za katikati yule bwana wa Mipango, wa tangawizi na iliki, alisimama akauliza taratibu, kama anauliza saa: "Mkurugenzi, samahani. Hiyo ya kwako ilianzaje?" Wengine wawili wakageuka kumsikiliza Mzee atajibu nini, na nyuso zao hazikuwa za watu wanaouliza kwa udadisi.

Mheshimiwa alinong'onezana na washauri wake dakika nane. Serikali yetu haikosi namna. Alirudi kwenye kipaza sauti akatamka kwamba limejitokeza suala la wekundu usioidhinishwa, yaani wekundu uliopatikana nje ya Waraka, na kwamba taifa haliwezi kupuuza. Nishani inasimamishwa. Inaundwa kamati. Na Mzee Kibindu apelekwe hospitali leo leo, kwa gari la Wizara, akachunguzwe chanzo cha wekundu huo ni nini na aliyemruhusu ni nani.

Barua iligongwa muhuri palepale. Niliibeba mimi. Karani wa dirishani aliisoma mara tatu, akatafuta muhuri wa HONGERA, akaona juu imeandikwa "chanzo kichunguzwe" na chini ina saini ya Waziri, akafungua mlango.

*

Daktari wa njia ya mkojo alikuwa mama mwembamba aitwaye Daktari Namtapika, aliyekuwa amekaa miezi miwili bila mgonjwa akifuma vitambaa vya meza. Alipoiona ile barua alishukuru kama mtu aliyeletewa mgeni. Aliuliza sigara, Mzee akasema miaka arobaini. Aliuliza kama zamani aliwahi kuugua kichocho, akasema hapana. Aliuliza chakula, akasema soseji asubuhi, soseji za vikao mchana. Aliuliza maji.

"Nakunywa mgeni rasmi akinywa," Mzee akasema.

Daktari aliweka kalamu chini.

Walimpima, wakaingiza kamera yao, wakakuta uvimbe mdogo kama punje ya harage kwenye ukuta wa kibofu. Haukuwa umezama. Waliutoa wiki hiyohiyo. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni soseji, wala kwamba ni maji; sigara ndiyo anayoishuku kwanza, na hiyo iachwe leo. Mengine yarekebishwe kwa kuwa mwili utashukuru. Na kila miezi mitatu arudi atazamwe. Kisha alisema kwamba mwezi mmoja nyuma angesema hayohayo, na miezi sita mbele asingeweza kuyasema. Mama Chausiku alimshika mkono daktari, akashindwa kuuachia.

Wiki ile wanaume saba na wanawake wawili walifika kwenye lile dirisha na kumwambia karani, kwa sauti ya chini, kwamba hawali bitiruti.

*

Kamati ya wekundu usioidhinishwa bado inakaa. Imeshapita nusu ya nchi na kula kwenye hoteli zake zote. Waraka haujafutwa, kwa sababu kuufuta kunahitaji Waraka, lakini chati imeanza kupauka kwenye kuta na hakuna anayeleta nyingine. Ukurasa wangu wa sita umerudishwa masijala. Bi Sikudhani anaupoteza mara kwa mara, na kila akiupoteza unaonekana umebandikwa mahali: mlango wa choo cha ghorofa ya pili, kituo cha polisi, kantini ya Mifugo.

Juzi tulikuwa na kikao cha robo mwaka. Mheshimiwa Mwakasiru alikuwa mgeni rasmi, na alikuwa ameanza kueleza kwamba taifa linatoka sasa katika enzi ya mzizi kuingia enzi ya mbegu. Mzee Kibindu alikaa pale anapokaa siku zote, mbele ya chupa yake. Aliacha sigara tangu Jumamosi ile. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka hospitali kutazamwa mara ya kwanza, na nilikuwa sijapata nafasi ya kumuuliza.

Katikati ya neno "mbegu" alinyoosha mkono, akaifungua chupa.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana, mlio wa kizibo cha plastiki kikikatika, lakini watu mia moja waliisikia. Mzee alikunywa, bila haraka, mpaka nusu. Mheshimiwa alisimama na mdomo wazi. Kisha kwa bwana wa Mipango kikasikika kizibo kingine. Kisha safu ya nyuma, viwili kwa pamoja. Kisha vikawa vingi, huku na huku, hata sikuweza kuvihesabu, na mimi nilikuwa nahangaika na cha kwangu, maana kilikuwa cha zamani na kigumu.

Mzee alimaliza chupa, akakaa kidogo, akainuka. Miaka thelathini na mmoja. Alipita katikati ya ukumbi, mbele ya Mheshimiwa, akainamisha kichwa kwa heshima kama inavyotakiwa, akatoka nje.

Alirudi baada ya dakika tatu, anakung'uta maji mikononi. Alipopita nyuma ya kiti changu aliinama, na uso wake ulikuwa wa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku aliyotangaziwa nishani.

"Binti," alininong'oneza, "natiliwa shaka."